Mpaka Rangi

Kifurushi kilikaa forodhani siku kumi na tisa.
Kimefika Iringa leo, na ndani ya sponji na karatasi
kuna kichupa kimoja, chembamba kama kidole cha mtoto.
Miligramu hamsini.
Anyosisye anakiinua kwenye mwanga wa dirisha.
"Hii ndiyo bei ya ng'ombe wawili?"
Ndiyo. Na maziwa yake bado hatujayaona.

Unga mweupe, kama ukungu ulioganda chini ya kioo.
Nautazama, namwona baba.

Baba alikuwa mpaka rangi, Mafinga.
Hakuwahi kushika msumeno.
Alitembea na kopo na brashi kwenye safu za mipaina,
Juni, umande ukimlowesha hadi magotini,
akautazama mti, akalipapasa gome,
na uliooza moyo, au uliopinda, au uliowaibia wenzake jua,
aliupaka duara jekundu usawa wa kifua.
Basi. Akaenda zake.
Wakataji walikuja kesho yake, hawakuuliza jina la mti.
Walifuata wekundu.

Ndani ya seli ni hivyohivyo, nawaambia wanafunzi.
Kuna kinu kinachosaga bila chuki,
kuna mbandika alama,
na kuna protini mkorofi, apitaye mlangoni kila siku
akisalimia, asijulikane.
Hawa wawili hawajawahi kukutana.
Sisi tunatengeneza mshenga.

Mshenga wa mikono miwili:
mmoja umshike mkorofi,
mmoja umshike mbandika alama,
na katikati kamba.
Kamba ndiyo iliyotukesha.
Ikiwa fupi, hawagusani.
Ikiwa ndefu, inajisokota kama utumbo wa kuku.
Tumejaribu kaboni nne, tumejaribu saba,
tumepachika oksijeni hapa na pale ilainike.
Na tukimwaga dawa nyingi mno, kazi inalala:
kila mtu ameshikwa na mshenga wake,
washenga wamejaa ukumbini, ndoa haifungwi.

Kichupa hiki kina mkono mmoja na nusu ya kamba.
Ncha imeachwa wazi, inasubiri fundo letu.

Lakini siwezi kukwambia mkono huu ni wa ukoo gani
bila kushusha sauti.
Dawa ya usingizi, zamani, ng'ambo.
Wajawazito waliinywa wapate kulala,
wakazaa watoto wenye viganja vilivyoota mabegani.
Ndiyo ileile. Imechongwa, imefungwa kamba,
imepewa kazi nyingine.
Navaa glovu mbili.
Tusekile ana mimba ya miezi mitano; nimemtoa maabara.
Amenuna. Anajaza daftari koridoni, kajifunga khanga mbili kwa baridi.

Saa nane umeme unakatika. Jenereta linakohoa, linawaka.
Tunapima miligramu tano huku tumezuia pumzi,
maana chafya moja hapa
ni mshahara wa mwezi mzima.

Wiki tatu baadaye, picha ya mwisho:
mistari sita.
Wa kwanza mweusi. Wa pili mweusi.
Wa tatu, Anyosisye anasema umefifia.
Mimi nasema kioo kina vumbi.
Tunakipangusa.
Umefifia.
Wa nne karibu haupo.
Wa sita, tulikomwaga nyingi, umerudi mweusi kama masizi.

Jioni napiga simu Mafinga.
Baba sikio la kushoto liliziba siku nyingi; napaza sauti
hadi mlinzi ananichungulia.
"Mmeukata?"
"Hapana, baba. Tumepaka rangi tu."
Kimya. Namsikia akisogeza kigoda.
"Na brashi bado mnayo?"
Tunayo. Hilo ndilo la ajabu:
ikishapaka mmoja inatoka nzima, inamwendea mwingine.
"Basi rudini kesho," anasema.
"Mwangalie kama hamkupaka na mti mzima."